Ukingoja kikao cha mwezi wa tano, pesa zishagawanywa

Wadogo zangu mlioingia siasa za wadi juzi juzi, karibuni sana. Naomba mnisikilize kabla hamjapoteza mwaka mwingine. Nimehudhuria tena vikao vya bajeti ya kaunti msimu huu na nimeona yale yale: ukumbi umejaa, simu ziko juu zikirekodi, kijana anashika kipaza sauti na kuuliza kwa ukali mbona barabara ya mtaa wao haimo kwenye makadirio. Anapigiwa makofi. Afisa wa fedha anaandika kitu kwenye daftari lake, na kikao kinaendelea.

Mwaka 2024 hapa Kenya ni nyinyi mliousoma Mswada wa Fedha, ule wa kodi, kifungu kwa kifungu, mkawaeleza wazazi wenu kwa lugha zao, mkaingia barabarani mpaka Rais akakataa kuutia saini. Sijaona kizazi kingine kilichosoma karatasi za serikali namna ile. Basi mbona karatasi za kaunti, zinazoamua kama zahanati ya jirani itakuwa na dawa, hazina msomaji?

1. Jueni kalenda. ADP, yaani mpango wa maendeleo wa kila mwaka, inafika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. CFSP, waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti, 28 Februari. Makadirio ya bajeti yenyewe, 30 Aprili. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. ADP ndiyo inayotaja miradi, na CFSP ndiyo inayowekea kila idara kiwango chake. Anayeamka mwezi wa tano anakuta chakula kishapakuliwa, na ili apate chake lazima sahani ya mwenzake ipunguzwe.

Hili nimelijua kwa uchungu. Wadi yetu ina mtaa wa bondeni ambao mvua ya masika ikianza, maji ya mvua na ya choo huingia nyumbani kwa pamoja. Tulikuwa kundi la vijana wa chama, tukaapa kwamba mwaka ule lazima mtaro uchimbwe. Tukapita nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi. Mama mmoja mzee, ambaye kitanda chake kilikuwa kimeinuliwa juu ya matofali ili maji yapite chini, alitia dole gumba, kisha akatuomba tumsomee tena yaliyoandikwa ili ahakikishe mtaro umetajwa. Tukaenda kikaoni, na mimi ndiye niliyesimama kusema. Afisa alinisikiliza kwa adabu, akafungua ADP na kunionyesha ukurasa wa wadi yetu. Mtaro haukuwemo. Tangazo la kutoa maoni kuhusu ADP ile lilikuwa limetoka gazetini mwezi wa nane, wakati sisi tulikuwa tumegawanyika makundi mawili tukipigania nani awe mwenyekiti wa vijana wa chama katika wadi, cheo kisicho na bajeti hata ya kununua kalamu.

Mwaka uliofuata tulifika mapema na mtaro ukaingia, ukapita kwenye makadirio, tukaimba. Kisha tukarudi nyumbani, na hilo ndilo kosa ambalo sijalisahau. Bajeti ya ziada, yaani marekebisho ya bajeti iliyokwisha kupitishwa, ilikuja katikati ya mwaka wa fedha. Hakuna hata mmoja wetu aliyeifungua. Fedha za mtaro zilihamishwa kwa mstari mmoja wa jedwali, na sisi tulijua wakati masika ilikuwa imeshaanza kupiga. Yule mama hakunigombeza. Aliniuliza tu kama karatasi aliyotia dole ilifika. Nikamjibu kwamba ilifika. Ilikuwa kweli, na sikuwa na la kuongeza. Kwa hivyo mnaponisikia nikipiga kelele kwenye kikundi cha WhatsApp kuhusu bajeti ya ziada, msidhani nina hasira na nyinyi. Someni ile karatasi. Ndiyo inayowatoa pesa mfukoni bila mkutano wa hadhara.

2. Jueni mfuko upi ni wa nani. Juzi kijana wetu mmoja, hodari kweli kwa maneno, alimkaba mwakilishi wadi, mjumbe wetu katika bunge la kaunti, kwa saa nzima kuhusu madarasa ya sekondari. Sekondari ni ya serikali ya kitaifa, na madarasa yale yamekuwa yakijengwa kwa NG-CDF, mfuko wa serikali ya kitaifa uliotengewa maeneo bunge. Kaunti ina chekechea, zahanati, masoko, maji, mitaro, takataka na barabara zake. Jedwali la Nne la Katiba, linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, lina kurasa chache tu, lisomeni jioni moja.

3. Neno "imetengewa" lisiwalaze. Tafuteni ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, ofisi inayofuatilia matumizi ya bajeti, zinazotoka kila robo mwaka, mwende moja kwa moja kwenye safu ya fedha zilizotumika. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, lakini kaunti nyingi hazifikii hapo katika matumizi halisi. Tazameni pia madeni ya wanakandarasi: Nairobi imeongoza kaunti zote kwa madeni hayo miaka mingi, na deni la zamani hula mradi mpya.

4. Ombeni stakabadhi kwa barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Hakikisheni nakala yenu imepigwa muhuri.

5. Chama. Kwenye ngome ya chama kimoja, mchujo wa kuteua mgombea wa chama ndio uchaguzi wenyewe, kwa hivyo anayejali bajeti ahakikishe jina lake limo kwenye sajili ya chama chake. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba wamesajiliwa katika vyama wasivyovijua. Angalieni lenu leo.

6. Mwakilishi wadi si benki. Hapa nitasema kwa kirefu kidogo kwa sababu hata nyinyi mnaojiita wanamageuzi mnafanya hivi. Asubuhi mnamdai uwajibikaji, jioni mnampigia simu ya mchango wa harusi, nauli ya matanga, jezi za timu. Mshahara wake hautoshi hayo yote, na kila mtu mtaani anajua hautoshi. Pesa za kujazia hutoka wapi? Mara nyingi kwa mwanakandarasi, na mwanakandarasi hurudishiwa zake kwa barabara inayobomoka kabla ya masika ya pili. Nimewajua wawakilishi waliotaka kufanya kazi kwa unyoofu wakaangushwa kwenye mchujo kwa sababu "hawatoi". Mtu wa namna hiyo akitokea wadini kwenu, mlindeni. Semeni hadharani kwamba hamtaki soda yake, mnataka akae kwenye kamati ya bajeti na mtamwandalia takwimu.

7. CIDP, mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, ya sasa ni ya 2023 hadi 2027. Mradi usiokuwemo humo hupata taabu kuingia kwenye ADP yoyote. Tunapiga kura tarehe 10 Agosti 2027, na mpango wa miaka mitano inayofuata utaandikwa wakati wengi wenu mtakuwa mmechoka na kampeni au mnalia kwa kushindwa. Anzeni sasa. Pimeni mtaro wenu kwa mita, hesabuni nyumba zinazoingiliwa na maji, andikeni jina la barabara kama linavyosomeka kwenye ramani ya kaunti, kisha mpeleke nakala kwa karani wa bunge la kaunti na kwa kila mgombea wa wadi, hata yule msiyempenda.