Jeki ya gari iache: nilivyoanza jibini nyumbani, Bombo

Ndugu yangu wa Masaka, umeuliza mawili: uanzie wapi na hizo lita kumi za maziwa zinazobaki kila jioni, na kama jeki ya gari inafaa kukandamizia jibini. La jeki nitalikawia kidogo, maana hata mimi lilinipitia kichwani.

Kwanza usinunue wala usichonge kitu wiki hii. Chukua lita tano, chemsha mpaka zikaribie kufurika, epua, halafu tia maji ya malimau kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu. Maziwa yakishakatika na maji kuwa ya kijani kijani, basi. Chuja kwa kitambaa, tia chumvi, ning'iniza saa moja. Hiyo tayari ni jibini, tena haiyeyuki kwenye kikaango. Mke wangu huitia kwenye mchuzi wa nyanya, na wageni hudhani ni yai.

Ya kukandamiza inataka renneti, yaani dawa ya kugandisha maziwa. Pasha maziwa hadi nyuzi 63, yakae hapo nusu saa. Ule ugonjwa unaotupisha mimba ng'ombe humwingia na mtu kupitia maziwa mabichi, usibahatishe. Yapoze hadi 32, tia nusu kikombe cha bongo, yaani maziwa ya mgando, isiyo na sukari, ngoja saa moja. Renneti izimue kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa sababu dawa ya maji ya bomba huiharibu, kisha itie kwenye maziwa. Baada ya dakika 45 chomeka kisu: mgando ukipasuka safi, kata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Koroga polepole ukipandisha joto hadi 38, chuja, tia chumvi. Maziwa ya boksi yanayokaa miezi nje ya friji hayagandi kwa renneti, usijisumbue.

Sasa kukandamiza. Mara ya kwanza nilirundika mawe juu ya kifuniko cha ndoo. Saa nane za usiku yakaporomoka, nyumba nzima ikaamka ikidhani ni wezi. Na jibini lenyewe lilikuwa limeharibika kabla ya hapo: nilitia uzito wote mara moja, ngozi ya nje ikajifunga, maji yakabaki ndani yakachacha.

Jeki nayo ni rahisi kuikaza yote mara moja hivyo hivyo, tena ina ubaya wa pili. Jibini linapotoa maji linasinyaa, na jeki haishuki nalo. Ukiikaza sasa hivi, baada ya nusu saa imelegea na wewe umelala. Uzito unaoning'inia hufuata jibini linavyoshuka. Ndiyo maana nilimwomba seremala anitengenezee wenzo: mti wa mvule wa sentimita 100, ncha moja imefungwa kwa pini kwenye nguzo. Kipande cha mti kinachosukuma kifuniko nilikiweka sentimita 25 kutoka kwenye pini. Ncha ya pili naning'iniza jerikeni. Lita 1 ya maji ni kilo 1, na wenzo unazidisha mara nne, kwa hiyo lita 10 zinasukuma kwa kilo 40, mbali na uzito wa mti wenyewe. Naanza na lita 2 kwa dakika 20, nageuza jibini, lita 5 kwa saa moja, nageuza tena, kisha lita 10 mpaka asubuhi. Chombo chenyewe ni ndoo ndogo ya plastiki ya chakula, matundu nimeyatoboa kwa msumari wa moto. Ndoo iliyowahi kubeba rangi, hata ukiisugua mara mia, hapana.

Vibonge vya mgando viingie kwenye ndoo vikiwa bado vuguvugu. Vikipoa havishikani, hata ukivikalia mwenyewe.

Kuivisha kwa miezi kunataka nyuzi 10 hadi 13, na Bombo haina baridi hiyo. La kwangu linaisha ndani ya wiki mbili. Lita kumi zitakupa kama kilo moja tu, usije ukamwahidi jirani. Yale maji yanayotoka kwenye maziwa usiyamwage: ndama huyanywa, na sisi tunakandia chapati.