Maswali ya wasomaji: Tulipwelewa kijitoni, jedwali lilitudanganya?

SWALI: Shikamoo mzee. Mi na mdogo wangu tuna boti ndogo ya mbao yenye injini ya nyuma, Jumamosi tulienda kuvua kwenye mto unaoingia baharini, tukapanda na maji asubuhi mpaka ndani kabisa halafu tukaingia kijito cha pembeni, samaki walikuwa wanakula balaa. Jedwali la kwenye simu lilisema maji yanajaa saa 2 asubuhi na kukupwa saa 8 mchana, tukasema tukitoka saa 6 tuko salama. Lisaa lizima maji yalikuwa kama yamesimama tukajisahau, kuja kushtuka boti imekaa kwenye matope, tumepwelewa. Tukajipa moyo saa 8 maji yatarudi, wapi, saa 8 yanazidi kutoka, saa 10 na nusu ndo tukaona povu linarudi na boti imeelea giza limeshaingia. Jedwali lilitudanganya au sisi ndo tulikosea?

JIBU: Marahaba mwanangu, kwanza nashukuru mmerudi wote wawili maana barua za namna hii zipo ambazo huwa haziandikwi kabisa. Jedwali halikudanganya. Ila mlilisoma kama saa ya ukutani, na mtoni kila mahali pana saa yake.

Zile saa za kwenye simu mara nyingi ni za mlangoni mwa mto au bandari iliyo karibu na bahari. Maji yakijaa pale mlangoni, hayo maji bado yana safari ya kupanda juu, yanapita kona, mafungu ya mchanga, mikoko, na yote hayo yanayachelewesha. Mto Thames kule Uingereza maji yanafika London zaidi ya saa 1 baada ya kujaa mlangoni, na mto Hudson wa Marekani kujaa na kupwa kwa bahari kunasikika mpaka zaidi ya kilomita 240 kutoka mdomoni, sasa fikiria kunachukua muda gani kufika huko. Ndo maana saa 2 bahari imejaa lakini nyie huko ndani maji yalikuwa bado yanapanda, yakaja kujaa kwenye saa 3 na nusu au 4 hivi. Na kupwa ndo kunachelewa zaidi ya kujaa, hilo wengi hawalijui, kwa sababu maji yakiwa machache yanaburuzika chini, na juu yake kuna maji ya mto wenyewe nayo yanataka kutoka. Kwa hiyo mito mingi maji yanajaa haraka kwa muda mfupi halafu yanatoka polepole kwa muda mrefu. Kati ya kujaa na kujaa kwingine ni kama saa 12 na dakika 25 mahali pengi, lakini kugawanyika kwake si nusu kwa nusu.

Sasa lile lisaa lililowadanganya. Maji hayashuki sawasawa. Wazee wa majini wana hesabu yao, unagawa kina chote kitakachoshuka mafungu 12: saa ya kwanza linaondoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya mwisho 1. Chukulia siku hiyo maji yanashuka mita 3, saa ya kwanza mnapoteza sentimita 25 tu, hamuoni kitu, mnasema tuna muda. Saa ya tatu na ya nne mnapoteza sentimita 75 kila saa, yani ndani ya saa 2 mita 1 na nusu imeondoka chini yenu, kwenye kijito hiyo ndo maji yote. Mtoni hesabu hii haikai sawa kabisa kwa sababu niliyosema, ila inatosha kukufundisha kwamba utulivu wa mwanzo sio ahadi. Na kama ilikuwa bamvua, yani siku za karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanatoka mengi na kwa nguvu, tofauti kabisa na siku za maji mafu ambapo mngeweza kulala humo kijitoni na bado mkatoka.

Na kwa nini hamkuelea maji yalipogeuka? Kwa sababu mlikwama maji yakiwa bado juu, kwa hiyo ilibidi yarudi mpaka kimo kilekile yalipowaacha. Anayekwama mapema anasubiri sana, anayekwama mwishoni anasubiri kidogo.

Mi siku yangu ya mtoni naipanga hivi. Nafika maji yakiwa yanamalizia kutoka, nayaona mafungu ya mchanga na visiki vyote viko wazi, navishika kichwani. Halafu maji yakianza kujaa napanda nayo taratibu, petroli kidogo, na hata nikigusa fungu sina wasiwasi, maji yanayokuja yananiinua yenyewe. Nikifika kijitoni nachomeka kijiti ukingoni kwenye mstari wa maji, hiyo ndo saa yangu. Kijiti kikionyesha upana wa kiganja umeshuka, natoka kijitoni hata kama samaki wanagombania ndoana, naenda kuendelea kuvulia kwenye mkondo mkubwa. Inauma kuacha samaki wanakula, naelewa, lakini mkondo mkubwa nao una samaki.

Ikitokea tena mmepwelewa msishuke kusukuma boti kwenye tope laini, tope linashika miguu na likikushika mpaka magotini kujitoa ni kazi, na maji yatarudi uko palepale. Ukishakwama lala, tandaza mwili, tambaa ukirudi botini, kasia au mbao chini ya kifua inasaidia. Kaeni botini, kunyweni maji, tupeni nanga mbele upande wa mdomo wa kijito ili maji yakirudi yasiwabebe kwenye miti. Na maji yakianza kupanda kwenye ubavu itikiseni boti kushoto kulia, tope huwa linanyonya chombo cha chini bapa na maji yanaweza kuingia kabla hakijaachia.

SWALI: Habari mzee, mume wangu tukienda mtoni anafunga nanga nyuma ya boti anasema ndo karibu na anapokaa. Mi roho haitulii, naogopa bure?

JIBU: Huogopi bure mama, na naomba umsomee hili leo. Nanga inafungwa omo, mbele, siku zote. Tezi, yani nyuma, ndo kuna uzito wa injini, kuna yeye mwenyewe, na mbao za nyuma ziko chini, sasa mkondo ukija kwa nguvu unavuta nyuma chini na maji yanapanda juu ya ile mbao, sekunde chache tu boti imejaa. Nimeliona hili kwa macho yangu, boti ya jirani yangu, watu watatu wakiwa wamekaa wanaongea na bahati nzuri walikuwa wamevaa majaketi ya kuokolea. Maji yalikuwa tulivu walipotia nanga, mkondo ukaja baadaye.

Kamba iwe ndefu, mara 5 mpaka 7 ya kina, na hesabu kina cha maji yakijaa, sio kile unachokiona sasa. Mwisho wa kamba mfunge boya, likija gogo linaelea kuelekea kwenu mnaachia kamba yote mnakwenda, mtairudia nanga baadaye. Na kisu kiwe mahali mkono unafika.

SWALI: Mzee salama? Samaki wa mtoni wanakula maji yakijaa au yakitoka? Kila mtu ananiambia lake.

JIBU: Wote wamekwambia kweli, ila kila mmoja amekwambia nusu. Samaki anakula maji yanapotembea, kwa sababu maji yanayotembea yanamletea chakula yeye akiwa ametulia. Maji yakisimama kabisa wengi wanaacha, wewe tumia muda huo kubadili ndoana na kupumzika.

Yakijaa, samaki wanaingia na maji mpaka kwenye mizizi ya mikoko na majani ya ukingoni, tupa huko. Yakitoka ndo raha yangu mimi, kamba wale wa kuliwa na visamaki vinalazimika kutoka kwenye vijito, na wale wakubwa wanajua, wanajipanga pale mdomoni kijito kinapokutana na mto. Saa ya pili na ya tatu ya kutoka usiwe mahali pengine. Angalia pia mstari wa povu na takataka, pale maji mawili yanapokutana, na nyuma ya kisiki, maana samaki hapendi kupigana na mkondo, anajificha nyuma ya kitu anageuza kichwa upande maji yanakotoka. Mkondo ukigeuka anahamia upande wa pili wa kisiki kilekile. Nimeona watu wanatupa saa nzima mahali palepale walipopata asubuhi na samaki yuko mita 2 tu upande mwingine.

Kitu kingine hiki hukioni kwa macho, unakisikia kwenye mshipi. Maji chumvi ni mazito kuliko maji baridi kwa hiyo yanaingia kwa chini, unaweza kuona majani juu bado yanateremka kwenda baharini huku chubwi, kile kizito cha mshipi, chini inavutwa kwenda juu ya mto. Hapo maji yameshageuka na samaki wa chini wanajua kabla yako. Na pale maji yalipo machafu sana kama uji, katikati ya mto, sahau chambo cha kung'aa, weka chambo chenye harufu.

Ukimpata kambare wa maji chumvi shika kwa uangalifu, miiba yake ya mgongoni na mapezi ya ubavuni ina sumu, na taa naye ana mwiba mkiani. Ukichomwa loweka sehemu hiyo kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia bila kujiunguza, nusu saa mpaka saa 1 na nusu, maumivu yanapungua, halafu nenda hospitali.

SWALI: Mzee kuna jamaa kanishauri nitandaze wavu wa macho madogo mdomoni mwa kijito maji yakitoka, anasema napata ndoo nzima bila kusumbuka na mshipi. Unaonaje?

JIBU: Ni kweli utapata ndoo nzima. Lakini mwaga hiyo ndoo uangalie ndani yake kuna nini, utakuta wadogo urefu wa kidole, mia kadhaa, wa aina ambazo wakiachwa mmoja tu anajaza hiyo ndoo. Samaki wengi wa baharini watoto wao wanakulia humo vijitoni, kwenye mizizi, kwa sababu wakubwa hawaingii kwa urahisi, na kila maji yakikupwa lazima watoke kupitia mlango huohuo mmoja. Ukiufunga umechukua kizazi chote cha kijito kwa mara moja, na ukirudia wiki nzima hakuna aliyebaki kurudi. Hili linaniumiza kuliko yote niliyoandika leo, nimeona kijito kilichokuwa kinachemka mikizi wakiruka kila jioni, sasa hivi unakaa pale mpaka jua linazama husikii hata mmoja. Na mahali pengi nyavu hizo sheria inazikataza.

Mshipi mmoja, ndoana kubwa kidogo, kamba mmoja mzima wa chambo, boti yako imetiwa nanga omo pembeni ya mdomo wa kijito na sio katikati yake. Jaribu hivyo saa ya pili ya maji kutoka halafu niandikie umepata nini.