Feni inavuma gari likiwa limezimwa

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gari la Porsche Boxster. Nikizima na kuchomoa funguo, feni nyuma ya viti inaendelea kuvuma. Betri haitakufa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiogope, gari linajilinda. Injini ya Boxster iko katikati, nyuma ya mgongo wako, haipati upepo kama ya mbele. Ukizima, pampu ya maji inasimama huku ekzosi bado ni ya moto, na joto linajazana humo. Sensa ikilihisi, feni inawaka. Dakika chache, mvumo unakatika. Ikivuma asubuhi injini ikiwa baridi, hapo kagua relei, yaani swichi ya umeme inayowasha feni, huenda imeganda. Ila usikubali kabisa mtu akukatie waya wa feni! Bila feni joto linaharibu: nimeshika mabomba ya mpira ya injini yaliyokaushwa na joto, yakavunjika mkononi kama biskuti.