Kabla hujatuma pesa Mombasa: ushauri kwa anayeunda kompyuta yake ya kwanza ya gemu

Mtu wa Nairobi akiuziwa kifaa kisichofaa, anavuka barabara na kukirudisha. Sisi wa Amu, mji wa kisiwani Lamu, hatuna bahati hiyo. Kifaa kikifika kwetu kimeshapanda basi Mombasa, kimepita Malindi, Garsen na Witu, kimeshushwa Mokowe kwenye gati ya bara, kimeingia botini, kisha kutoka gatini kimebebwa na hamali mpaka mlangoni, maana gari halina njia katika vichochoro vyetu. Kukirudisha ni safari ile ile, na gharama ni yako. Ndiyo maana nasema kwamba kazi kubwa ya kuunda kompyuta huku haiko kwenye bisibisi. Iko kwenye karatasi na kalamu, siku kadhaa kabla ya kutuma pesa.

Nilijifunza hivi. Mimi na mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha tatu, tulijikusanyia vifaa kwa miezi. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, tulinunua duka moja, nayo ni Ryzen 5 5600 ya kampuni ya AMD. Mazabodi, yaani bodi kuu ambayo vifaa vyote huchomekwa, tukaipata duka jingine kwa bei nafuu, B450M. Nilikuwa nimehakikisha kwamba zote mbili ni za soketi AM4, yaani tundu la prosesa ni la aina moja, nikaona nimemaliza. Tukafunga kila kitu mezani baada ya Magharibi, tukawasha. Feni zikazunguka, taa ikawaka, kioo kikabaki cheusi.

"Mjomba, mbona hakuna picha?"

Tukazima, tukatoa RAM, ile kumbukumbu ya muda, na kuirudisha. Tukabadilisha waya wa HDMI, tukajaribu kipande kimoja cha RAM, kisha kingine. Isha ikapita. Hakuna kifaa kilichoharibika, na hilo ndilo lililotutesa, kwa sababu hatukujua tutafute nini.

Sababu yenyewe ni hii. Mazabodi za kundi la B450, kama yetu, zilitoka mwaka 2018. Ryzen 5 5600 ilitoka 2022. Ndani ya mazabodi mna programu ndogo iitwayo BIOS, ambayo huamka kabla ya kitu kingine chochote, na hiyo huitambua tu prosesa iliyoelezwa habari zake. Mazabodi yetu ilikaa kwenye rafu miaka, BIOS yake ni ya zamani, kwa hiyo prosesa yetu ilikuwa mgeni asiyejulikana. Kuisasisha BIOS ni kazi ya dakika chache na flashi ya USB, lakini ili uisasishe unahitaji mashine iwake, na ili iwake unahitaji prosesa inayotambuliwa. Sisi hatukuwa nayo. Mazabodi ikarudi Mombasa, fundi akaichomeka prosesa ya zamani, akasasisha, akaituma tena. Siku kumi na moja zilipita kwa jambo ambalo ningelimaliza kwa swali moja kwenye simu.

Kwa hiyo la kwanza ninalokuomba: kuingia kwenye soketi hakutoshi. Ingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza mazabodi unayoitaka, fungua ukurasa wake wa prosesa zinazokubalika, tafuta jina la prosesa yako. Pembeni yake utaona toleo la BIOS linalohitajika. Kisha muulize muuzaji toleo lililomo. Baadhi ya maboksi hubandikwa kibandiko kinachosema iko tayari kwa Ryzen 5000, na baadhi ya mazabodi zina kitufe nyuma cha kusasisha BIOS kwa flashi hata bila prosesa. Kwa mtu anayeishi kisiwani, kitufe hicho kina thamani kuliko taa za rangi.

Upande wa Intel, kampuni nyingine ya prosesa, mtego ni ule ule, hasa kwa wanaonunua vifaa vya mtumba. Soketi LGA1151 ilitumika kwa kizazi cha 6 na cha 7, ikatumika tena kwa kizazi cha 8 na cha 9. Jina ni moja. Lakini prosesa ya kizazi cha 8 haitawaka kwenye mazabodi ya H110 wala B250. Inataka H310, B360 au za kundi hilo. Nimemwona kijana wa hapa akishika prosesa nzuri mkononi ambayo hana pa kuiweka.

Bora zaidi ni hivi, na sasa sinunui kwa njia nyingine: nunua prosesa, mazabodi na RAM duka moja, siku moja, na umwambie muuzaji aviwashe pamoja mbele ya kamera kabla ya kufunga boksi. "Kaka, niwashie, nionyeshe ukurasa wa BIOS, jina la prosesa na kiasi cha RAM vionekane, halafu nitumie hiyo video." Muuzaji mwenye nia njema hakatai. Ukilipa shilingi kidogo zaidi kuliko kununua vipande vipande, bado umepata faida.

Zisome herufi za mwisho za jina, maana ndizo zinazobeba habari. Ryzen 5 5600 haina uwezo wa kutoa picha yenyewe, 5600G inao. Intel yenye F mwishoni, kama Core i3-12100F, haina. Prosesa nyingi za Ryzen 7000 zina uwezo huo, ila zile zenye F. Kwa mwenye bajeti ndogo jambo hili hubadili mpango mzima: anaweza kuanza na 5600G, akacheza gemu za mpira na nyingine nyepesi kwa mipangilio ya chini, huku akiweka akiba ya kadi ya grafiksi, kifaa maalumu cha kutoa picha. Aliyenunua 5600 ya kawaida bila kadi amenunua kioo cheusi.

RAM nayo ina mlango wake. Soketi AM4 hutumia RAM ya aina ya DDR4 tu. AM5, soketi ya AMD iliyotoka 2022, hutumia DDR5 tu. LGA1700 ya Intel hukubali mojawapo, lakini mazabodi yenyewe imeshaamuliwa kiwandani, na mara nyingi jina lake huwa na D4 au DDR4 kukuonyesha. Vipande vya DDR4 na vya DDR5 vina pini 288 kila kimoja, kwa hiyo ukiviangalia juu juu utadhani ni vile vile, ila pengo la chini limekaa mahali tofauti. Kikikataa kuingia, usisukume. Nunua vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, uviweke kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa kama mazabodi ina nafasi nne. Kisha ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio unaoiruhusu RAM ifike kasi yake, la sivyo RAM uliyoinunua ya kasi ya 3200 itaenda kwa mwendo wa chini na hutajua.

SSD, yaani diski ya kuhifadhia data, haina mengi. Ya umbo la M.2 yenye kipimo cha 2280 (upana milimita 22, urefu 80) itakaa kwenye mazabodi nyingi; hakikisha tu kama tundu lako linataka ya aina ya NVMe au ya SATA, na usiipoteze ile skrubu ndogo.

Sasa kadi ya grafiksi na pawa saplai, ambazo mimi nazichagua kwa pamoja kwa sababu moja hula na nyingine hulisha. Anza na kioo ulicho nacho. Kama ni cha 1920 kwa 1080, cha herzi 60, kadi ya kati inakutosha na huna haja ya kufuata majina makubwa. Sisi tulichukua Radeon RX 6600, yenye kumbukumbu ya GB 8, inayotumia wati 132. Kadi hiyo ni ya PCIe 4.0, yaani toleo la njia inayoiunganisha na mazabodi, na mazabodi yetu ni ya 3.0, zinaelewana bila shida, unapoteza kidogo tu. Hapo hakuna la kuogopa.

La kuogopa liko kwenye pawa saplai. Wengi hupunguza bajeti hapo, nami nakusihi usifanye hivyo. Siku moja nilikaa kwa fundi mmoja mtaa wa Langoni, akanionyesha moja iliyoandikwa 500W kwa herufi kubwa ubavuni. Tukaigeuza tukasoma kibandiko cha vipimo. Kwenye mstari wa volti 12 kiliandikwa ampea 18. Zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Prosesa na kadi ya grafiksi hula karibu umeme wao wote kutoka mstari huo wa volti 12. Sasa chukua mashine yetu. Kadi wati 132, prosesa hufika 76 hivi ikifanya kazi kwa nguvu, na mazabodi, RAM, SSD na feni uzipe 50. Umeshafika karibu 260. Pawa saplai ile "ya 500" ingezidiwa gemu ikipamba moto. AMD wenyewe hupendekeza wati 450 kwa kadi hiyo. Mimi nilichukua 550 yenye alama ya 80 Plus. Alama hiyo huhusu ufanisi wa umeme na si dhamana ya kila kitu, lakini inakuambia kuna mtu aliyeipima. Usisome namba ya ubavuni. Soma kibandiko.

Na nyuma ya baadhi ya pawa saplai za bei rahisi kuna swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 240. Swichi ikiwa kwenye 115 ukachomeka, utasikia mlio mmoja na umeme wote wa pawa saplai hiyo umekwisha. Iangalie kabla hata hujatoa bisibisi.

Plagi pia zichunguze. Ya prosesa ina pini 8, ya kadi ya grafiksi ina pini 8, lakini si moja. Ya prosesa hugawanyika nne na nne, ya kadi hugawanyika sita na mbili, na maumbo ya matundu yametofautishwa makusudi. Zaidi ya hapo, kama pawa saplai yako ina waya za kuchomoa, usitumie waya za pawa saplai nyingine hata kama zinaingia. Upande huo wa plagi hauna utaratibu mmoja, kila kampuni hupanga inavyotaka, na kosa moja huunguza SSD na data zote.

Wapo wanaopenda kuanza na kompyuta ya ofisi ya mtumba kisha waongeze kadi. Ni njia nzuri kwa mwenye pesa kidogo, lakini fungua ubavu kwanza. Nyingi zina mazabodi zisizotumia plagi ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo huwezi kubadilisha pawa saplai bila kibadilishi maalumu. Humo utafute kadi isiyohitaji waya wa ziada, kama GTX 1650 za wati 75, na uwe na uhakika wa kimo chake, kwa sababu makasha membamba hukubali kadi fupi tu.

Kasha la kuwekea vifaa vyote ulipime kwa rula. Mazabodi ya ukubwa wa ATX ni milimita 305 kwa 244, micro-ATX za mraba ni 244 kwa 244. Kisha soma urefu wa kadi na kimo cha feni ya prosesa ambavyo kasha linakubali. Ndani ya kasha mna vijiti vidogo vya shaba vya kuinua mazabodi. Vihesabu, uvilinganishe na matundu ya mazabodi yako, na kilichozidi ukiondoe, kwa maana kikigusa mgongo wa mazabodi mahali pasipo tundu kinaweza kuleta shoti. Prosesa ya AM4 ina pini chini, laini kama ndevu za kamba. Tafuta pembetatu ya dhahabu kwenye pembe, ilinganishe na ile ya soketi, iache ishuke kwa uzito wake.

Nyumba zetu nazo ni sehemu ya mashine. Nyumba ya mawe ina vidaka vizuri ukutani, na nimeona zaidi ya mara moja kompyuta ikipachikwa kwenye kidaka kipana kama pambo. Hewa ya moto haina pa kutokea. Iweke mezani, mbali na ukuta unaomwaga chokaa, na mbali na dirisha la baharini, hasa kusi linapovuma na chumvi kuingia mpaka kitandani. Nunua kasha lenye chujio mbele ulisafishe kila mwezi. Na kama ukigusa kasha unasikia umeme ukitambaa kwenye vidole, usilizoee: waya wa athi, wa kupeleka umeme ardhini, haupo kwenye soketi yako ya ukutani. Mwite fundi wa umeme kabla hujaendelea kucheza.

Tangu siku zile kumi na moja nilitafuta prosesa ya zamani, Ryzen 3 2200G, ambayo ina picha yake ndani na hutambuliwa na B450 yenye BIOS ya mwanzo. Iko kwenye droo yangu. Imeshaazimwa na vijana watatu wa mtaani, ikasasishia mazabodi zao, ikarudi. Kwa mwenye B550 haitafaa, mazabodi hizo haziikubali. Lakini kama uko Amu, una B450 na kioo chako ni cheusi, usitume kitu Mombasa kabla hujaniuliza kama iko nyumbani.