Kabla ya kununua kadi ya grafiki, ulizia draiva yake

Ijumaa moja usiku, miaka mitatu iliyopita, nilikuwa nimebakiza kutoa video ya harusi tu, yaani kuigeuza kuwa faili kamili. Bibi harusi alikuwa anasafiri Jumapili asubuhi, na mama yake alishanipigia mara mbili: "Mwanangu, kesho jioni tuwe nayo mkononi." Kompyuta ilikuwa nzuri na kadi ya grafiki haijamaliza hata miezi minne. Kazi ikifika asilimia 60, skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde chache, inarudi, na programu ya kuhariri imeshajifunga. Nikaanza upya. Ikafika 63, ikajifunga tena.

Nikahangaika na kila kitu. Nilifungua kava nikapuliza vumbi, nikachomoa kadi na kuichomeka upya, nikabadilisha waya wa umeme. Saa tisa usiku ndipo nilipofungua historia ya masasisho ya Windows na kukuta kwamba Alhamisi, bila mimi kuulizwa, draiva mpya ya kadi, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi, ilikuwa imejiweka. Nikaiondoa, nikarudisha ile ya zamani, video ikatoka moja kwa moja hadi mwisho. Kadi ilikuwa nzima muda wote ule.

Tangu usiku huo nimewaundia kompyuta wapiga video wengi hapa Dar es Salaam, na swali la kwanza huwa ni lile lile: "Kaka, kadi gani ina nguvu?" Naelewa kwa nini tunaanzia hapo. Nguvu inaandikwa kwenye boksi na video za kulinganisha zimejaa mtandaoni. Lakini fedha unatoa siku moja, na draiva utaishi nayo miaka mitano au sita. Yenyewe ndiyo mkalimani kati ya Windows na kadi, na mkalimani akikosea, hata kadi ya milioni mbili haina la kukusaidia.

Sitaitaja kampuni iliyotengeneza kadi yangu, kwa sababu ukifuatilia utaona hakuna hata moja iliyosalimika. Mwanzoni mwa 2025, Nvidia ilipotoa kadi za RTX 50, watu wengi walipata skrini nyeusi, wakiwemo wenye kadi za zamani ambao walikuwa wamesasisha draiva tu, na kampuni ikatoa marekebisho ya dharura mfululizo. AMD iliyapitia hayo hayo na RX 5700 XT: kadi ilitoka Julai 2019, na mwanzoni mwa 2020 bado walikuwa wanatoa draiva za kutibu skrini nyeusi. Intel ilipoingia na Arc A750 na A770 Oktoba 2022, michezo ya zamani ya kompyuta, ile iliyoundwa kwa mfumo wa DirectX 9, ilikuwa inajikokota. Baadaye draiva mpya zikaipa kadi ile ile kasi kubwa, bila mtu kugusa bisibisi. Kwa hiyo mimi huwa siulizi kampuni gani ina draiva nzuri. Nauliza kadi hii ina umri gani sokoni, na draiva zake zitatengenezwa hadi lini.

Swali hilo la pili lina uzito mkubwa kwetu, kwa sababu kadi nyingi tunazouziwa zimeshatumika. Chukua familia ya GTX 10 ya Nvidia iliyoanza 2016. Bado zipo madukani na bei yake inavutia. Nvidia ilishatangaza kwamba draiva za kawaida kwa kadi hizo, pamoja na GTX 900, zingeishia Oktoba 2025. Baada ya hapo ni viraka vya usalama tu kila robo mwaka, hadi Oktoba 2028. GTX 16, iliyotoka 2019, bado imo kwenye orodha ya kadi zinazopata draiva mpya. Hivyo GTX 1060 ya 6GB, ya familia ya GTX 10, ina nguvu kuliko GTX 1650 ya familia ya GTX 16, lakini mtu wa video akiniuliza leo namwambia achukue 1650, au atafute 1660, kwa sababu programu za kuhariri kila toleo zinadai draiva mpya zaidi. Upande wa AMD, RX 400 na RX 500 zilihamishiwa kwenye njia ya matengenezo madogo tangu 2023. Muuzaji hatakwambia, na mara nyingi hajui.

Kuna jambo la kadi bandia ambalo linaniuma, maana lilimkuta binamu yangu. Alinunua kadi iliyoandikwa GTX 1050 Ti, boksi safi na karatasi yake ya nailoni. Muuzaji akampa CD na kumsisitiza: "Usiweke draiva ya mtandaoni, tumia hii." Tulipoweka draiva kutoka tovuti ya Nvidia, skrini ikazima. Tukaifungua kwa GPU-Z, programu ya bure inayosoma chipu yenyewe, na mbele ya jina la kadi kukawa na neno FAKE kwenye mabano. Ndani mlikuwa na chipu ya zamani sana, kutoka enzi za GTX 500, iliyobadilishwa jina. Fedha haikurudi. Tangu hapo siku ya kununua naenda na flashi yenye GPU-Z na draiva niliyoipakua mwenyewe, na naomba kadi ichomekwe kwenye kompyuta ya dukani. Ikikubali draiva halisi, tunaendelea kuzungumza bei. Muuzaji akikataa kuichomeka, naaga. Na ukikutana na RX 580 iliyoandikwa 2048SP, elewa kwamba ndani kimsingi ni RX 570. Si bandia, ila usiilipie bei ya 580 kamili.

Wengi wetu tunaanza na zile kompyuta za ofisini zilizotumika, zenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 4 au cha 6. Ni mashine imara, lakini zina masharti yake. Pawa saplai yake ni ndogo na mara nyingi haina waya wa ziada wa kadi, kwa hiyo unahitaji kadi inayotosheka na wati 75 za kwenye soketi, kama GTX 1650 zile zisizo na pini za umeme. Usiweke Intel Arc humo. Kadi hizo zinategemea kitu kinachoitwa Resizable BAR, kinachoiruhusu prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, ambacho bodi-mama hizo za zamani hazina, na bila hicho kasi inashuka vibaya. Hata Arc B580 iliyotoka Desemba 2024, ambayo kwenye kompyuta mpya ni kadi nzuri sana yenye 12GB, inapungua nguvu ikifungwa na prosesa ya zamani, kwa sababu draiva yake inaipa prosesa kazi nyingi. Nayo RX 6500 XT inatumia njia nne tu za PCIe, yaani za kupitishia data kati ya kadi na bodi, kwa hiyo bodi ya zamani inaibana, na isitoshe haina kabisa sehemu ya kusimba video, yaani kuibana wakati wa kuitoa. Kwa mtu wa harusi hiyo ni hasara tupu.

Sasa prosesa. Watu hudhani draiva ni habari ya kadi peke yake, lakini prosesa nayo ina programu inayoiongoza, imo ndani ya BIOS, ile programu ya msingi ya bodi inayoiwasha kompyuta. Mwaka 2024 liliibuka tatizo la prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 za kompyuta za mezani. Michezo ilikuwa inajifunga na kutoa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya grafiki imekwisha. Watu wakaondoa draiva, wakaweka nyingine, wengine wakabadilisha kadi nzima. Kumbe kadi haina kosa, prosesa ilikuwa inaomba umeme wa volti kubwa kupita kiasi na kujichakaza taratibu. Intel ikatoa marekebisho Agosti 2024 kupitia BIOS na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho yanazuia uharibifu, hayaiponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Ndiyo maana ukiletewa i7 au i9 ya vizazi hivyo iliyotumika, uliza BIOS ilisasishwa lini, na kama hakuna anayejua, iache. Kizazi cha 12 hakikuguswa na tatizo hilo.

Upande wa AMD, kinachonifurahisha ni soketi ya AM4, yaani sehemu ya bodi inapokaa prosesa. Prosesa za Ryzen zilianza nayo 2017, na bodi nyingi za mwaka huo, baada ya kusasisha BIOS, zinapokea hata Ryzen 7 5800X3D ya 2022. Ryzen 5 5600 yenye viini 6 bado ni prosesa ninayoipendekeza bila wasiwasi kwa bajeti ya kati. AM5, soketi iliyoifuata, ina maisha marefu zaidi mbele, AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 na kuendelea, lakini inataka ram za DDR5 peke yake, na bei za DDR5 zilipanda sana mwishoni mwa 2025.

Ila kwa wapiga video wenzangu, kuna herufi moja inayoweza kukugharimu. Prosesa ya Intel ikiishia na F, kama i5-12400F, haina grafiki ya ndani. Muuzaji atakwambia "ni ile ile, bei nafuu." Kwa mcheza gemu ni kweli. Kwetu si kweli. Kamera nyingi za siku hizi zinarekodi H.265 ya 10-bit 4:2:2, namna ya kubana video inayohifadhi rangi nyingi zaidi, na kadi za Nvidia hazikuwa na uwezo wa kuifungua aina hiyo hadi RTX 50 zilipotoka 2025. Grafiki ya ndani ya Intel, kwa kompyuta za mezani tangu kizazi cha 11, inaifungua bila shida. Nimeona mtu ana RTX 3080 na video inakatakata kwenye programu ya kuhariri, huku jirani yake mwenye i5-12400 ya kawaida anateleza. Ukiwa nayo, ingia BIOS uhakikishe grafiki ya ndani haijazimwa, kwa sababu bodi nyingi huizima ukichomeka kadi. Kisha weka draiva ya Intel pia, kando na ya kadi. Hatua hiyo watu wengi wanairuka, halafu wanalaumu prosesa.

Kuhusu namna ninavyotunza draiva baada ya usiku ule: kila draiva iliyonifanyia kazi vizuri, faili lake la kuwekea nalihifadhi kwenye diski ya nje na kuliandika tarehe. Draiva mpya ikitoka nasubiri wiki tatu hivi, wenye haraka waijaribu kwanza. Kwa Nvidia natumia ile iitwayo Studio, ambayo hupimwa zaidi na programu za kuhariri, badala ya ile ya michezo. Nikihamia kadi ya kampuni nyingine, au mambo yakivurugika, nachomoa intaneti, nawasha Windows katika Safe Mode, yaani ikiwa na vitu vya lazima tu, nafuta mabaki yote kwa programu ya DDU, ndipo naweka upya. Kuchomoa intaneti ni lazima, la sivyo Windows itakuwekea draiva yake kabla hujamaliza. Na siku ya kuunda kompyuta, ile sehemu ya mipangilio inayoruhusu Windows kuleta draiva yenyewe, naizima.

Pawa saplai nayo isikosekane kwenye bajeti. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kitu cha bei rahisi ndicho kinachoua kitu cha bei ghali. Nunua yenye jina, na UPS hata ndogo.

Mwezi uliopita dada mmoja anayepiga harusi na send-off alikuja na bajeti yake. Moyo wake ulikuwa kwenye i9 ya kizazi cha 13 iliyotumika na GTX 1080 Ti. Tulikaa tukapitia haya yote kwa saa nzima, nikamwonyesha kwa kamera yake mwenyewe. Akaondoka na i5-12400 isiyo na F, bodi ya DDR4, ram ya 32GB na RTX 3060 ya 12GB. Fedha iliyobaki tukaiweka kwenye UPS na diski ya pili.

Juzi akanipigia. "Kaka, kompyuta inaniambia kuna draiva mpya, niiweke?"

Nikamuuliza, "Una kazi lini?"

"Jumamosi. Na nyingine Jumapili."

"Zote mbili umeshazikabidhi?"

"Bado."

"Basi usiiguse mpaka uzikabidhi."