Je, miaka yangu 4 ya Ujerumani imepotea?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nilifanya kazi Ujerumani miaka 4 kwenye jiko la hoteli, kisha nikahamia Italia, ambako sasa nimetimiza miaka 17 kazini. Nasikia Ujerumani haitoi pensheni kwa aliyechangia chini ya miaka 5, na Italia inataka 20. Kwa nini Brussels isianzishe mfuko mmoja wa pensheni kwa Umoja wa Ulaya wote, tupumzike na mahangaiko haya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakuna kilichopotea. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 883 ya mwaka 2004 inazilazimisha nchi wanachama kuihesabu miaka uliyochangia kwa wenzao. 4 na 17 ni 21, kwa hiyo kote kuwili umeshavuka. Ujerumani itakulipa kipande cha miaka 4, Italia cha 17, kila moja utakapofikia umri wake wa kustaafu. Maombi utayapeleka hapo hapo unapoishi. Ofisi ya pensheni ya Italia ndiyo itakayowasiliana na Wajerumani. Hata kama pasipoti yako si ya Ulaya, maadamu unaishi Italia kihalali, kanuni nyingine ya mwaka 2010 inakuingiza humo.

Mfuko mmoja naupinga, tena kwa moyo wote. Umri wa kustaafu na kiwango cha pensheni ni mambo ambayo mkataba wa Umoja umeziachia nchi. Mwaka 2017 Poland iliushusha umri ukawa 60 kwa wanawake na 65 kwa wanaume. Mwaka 2025 bunge la Denmark likapitisha 70 ifikapo 2040. Uamuzi waweza kukuudhi, lakini wenye nchi wanajua nani wa kumnyima kura. Lakini Ugiriki ilipolemewa na madeni, kuanzia 2010, masharti ya mikopo yake yalitoka kwa Tume ya Ulaya, Benki Kuu ya Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa, na pensheni zikakatwa, zikakatwa tena. Mstaafu wa Athens angemlalamikia nani? Brussels na ilinde miaka yetu tunapohama, hapo naiunga mkono kabisa, maana aliyekwisha kuondoka hana wa kumsemea.

Sasa fanya kazi moja wiki hii: omba orodha ya michango yako Ujerumani. Mimi napokea pensheni mbili. Uholanzi inahesabu asilimia 2 kwa kila mwaka niliokaa, miaka 11 ikanipa asilimia 22 ya pensheni ya msingi, bila shida. Ubelgiji ndiko nilikolia. Miezi 7 haikuwemo kwenye orodha. Mwajiri hakuwa amepeleka michango. Kilichoniokoa ni bahasha ya kaki yenye karatasi zangu za mshahara, wino umefifia, moja ina doa la sabuni ya kusugulia sakafu. Nilizipanga mwezi kwa mwezi mezani kwa ofisa, akazisoma zote.

Zako ziko wapi? Na angalia jina: likiwa limeandikwa tofauti katika nchi hizo mbili, lirekebishe kabla hujaomba.