Baada ya kukatwa vali za mrija wa mkojo, kliniki bado inahitajika

Mama mwenzangu, umeuliza kama mwanao wa miaka minne, aliyekatwa vali za mrija wa mkojo akiwa mchanga, bado ana haja ya kuhudhuria kliniki ilhali anakojoa vizuri na anacheza kama wenzake. Ndiyo, anayo, na ataendelea kuwa nayo hata akiwa mtu mzima. Nasema hivyo nikiwa mama wa kijana wa kidato cha pili aliyezaliwa na tatizo hilohilo.

Vali hizi ni vijiutando vinavyojitokeza ndani ya mrija wa mkojo wa mtoto wa kiume, chini kidogo ya kibofu, tangu akiwa tumboni, na huonekana kwa takribani mtoto mmoja kati ya wavulana 5,000 hadi 8,000 wanaozaliwa. Kwa miezi mingi ya ujauzito kibofu hukamua mkojo huku njia imezibwa, ukuta wake hunenepa na kukakamaa, mkojo hurudi juu, na figo huanza kuumia kabla mtoto hajazaliwa. Upasuaji hufungua njia, lakini haurudishi sehemu ya figo iliyokwisha kuharibika, wala haukifanyi kibofu kilichokakamaa kuwa kipya.

Tafuta kwenye faili lake kipimo cha mwaka wa kwanza cha kreatinini, yaani taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, hasa kiwango cha chini kabisa kilichofikiwa baada ya upasuaji. Kikiwa chini ya miligramu 0.8 kwa desilita, yaani kama mikromoli 70 kwa lita, matumaini ni makubwa; kikizidi 1.2, figo zinahitaji uangalizi wa karibu sana. Soma kipimo kimeandikwa kwa mikromoli au kwa miligramu, maana maabara hutofautiana. Nchini Finland, ambako wagonjwa wa aina hii wamefuatiliwa kwa miongo kadhaa, zaidi ya mmoja kati ya watano aliishia figo kushindwa kabisa, na baadhi yao walifikia hapo wakiwa tayari watu wazima. Kipindi cha kubalehe ndicho kinachonitia hofu zaidi, kwa kuwa mwili hukua haraka na figo zilizopungua nguvu hulemewa.

Kibofu nacho kina mambo yake. Mwanangu alipokuwa darasa la tano, daktari alituambia tupime mkojo wake nyumbani kwa jagi la plastiki lenye alama za mililita. Alikojoa, akasubiri dakika chache, akakojoa tena, na mara ya pili ukatoka karibu sawa na ule wa kwanza. Yeye mwenyewe hakuwa akihisi kwamba umebaki. Mkojo unaobaki huleta maambukizi na kuzielemea figo usiku kucha, hivyo siku hizi kabla ya kulala hunawa mikono kwa sabuni, hupaka jeli mpira mwembamba (katheta), huuingiza mwenyewe hadi kwenye kibofu na kuuacha umwage mkojo kwenye mfuko hadi asubuhi.

Akikojoa kitandani, ndugu watakushauri umnyime maji tangu jioni. Tafadhali usikubali. Figo nyingi za watoto hawa haziwezi kukoleza mkojo, kwa hiyo maji hutoka hata mwili unapoyahitaji, na mtoto akinyimwa hukauka. Akiharisha au kutapika, mpeleke hospitali mapema kuliko ungempeleka mtoto mwingine. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni usimpe bila daktari wake kujua.

Kuhusu uzazi, wengi wao hupata watoto, ingawa wengine manii hutoka polepole. Na ikitokea figo zikashindwa, upandikizaji unafanyika hapa Tanzania, Muhimbili tangu 2017, lakini kibofu chenye shida lazima kishughulikiwe, la sivyo figo mpya inaweza kuumia kwa njia ileile.

Kliniki ijayo usiondoke kabla hajapimwa shinikizo la damu kwa mkanda wa mtoto, protini kwenye mkojo, kreatinini, na utrasaundi ya figo na kibofu, kibofu kipigwe picha kikiwa kimejaa na tena baada ya kukojoa. Waulize pia ni daktari gani atakayempokea akifikisha miaka 18, kwa kuwa wengi huacha kliniki ya watoto bila kupokelewa kwingine.